Kumwona kobe mara kumi si kuona kobe kumi

"Mama, kobe hawa wamejaa, kila siku wananilia samaki nyavuni," mzee mmoja mvuvi aliniambia pale mto Simiyu unapoingia Ziwa Victoria. Sikumbishia; anawaona kweli. Ila huenda ni walewale kila siku, na bila alama hakuna wa kujua.

Mitego yetu ya kunasia kobe wa kuhesabu ni nyavu zilizovishwa pete za chuma, mdomo wake kama wa mgono: kuingia rahisi, kutoka kazi. Chambo ni vichwa vya sangara. Ndani tunaweka chupa tupu za plastiki ili sehemu ya juu ielee, maana kobe wa majini anapumua kwa mapafu, akizuiwa chini usiku kucha anakufa. Niliwahi kumtoa jike kwenye nyavu ya makila (ile inayonasa samaki kwa matamvua) iliyotelekezwa, amevimba. Tulipompasua tulikuta mayai. Kobe hukawia miaka kukomaa, kwa hiyo kumpoteza jike mmoja aliyekomaa ni hasara kubwa kuliko kupoteza kiota kizima. Bado inaniuma.

Nikimpata hai namgeuza. Gamba la tumbo likiwa na bawaba mbele, linajifunga kama mlango, huyo ni wa jenasi ya Pelusios. Lisipokuwa nayo, ni wa jenasi nyingine, Pelomedusa. Wote wawili hulaza shingo ubavuni wakijificha. Mkia mrefu na mnene ni wa dume. Napima urefu, napima uzito, kisha kwa tupa ndogo natia pengo kwenye vigamba vya ukingoni. Kila kigamba kina namba yake, hivyo mapengo mawili matatu yanatosha kumpa kila kobe utambulisho wake.

Sasa hesabu. Tuseme umetia alama 30 ukawaachia palepale. Safari ya pili umenasa 24, na 8 kati yao wana alama. Hiyo ni theluthi moja. Basi wale 30 nao ni kama theluthi ya wote, yaani 90 hivi. Hesabu hiyo inasimama iwapo hakuna waliohama wala kuingia katikati, ndiyo maana sipendi safari mbili zitenganishwe na mvua: madimbwi yakijaa, Pelomedusa hutawanyika.

Siku hizi yule mzee akimkuta kobe nyavuni hupitisha kidole ukingoni mwa gamba kabla ya kumwachia, kisha ananipigia: "Mama, kushoto kigamba cha pili, kulia cha tisa." Nafungua daftari.