Mbugani na mtoto mwenye mahitaji maalumu: ratiba ifuate mwili wake

Na mtaalamu wa tiba kazi, kitengo cha utengamao wa watoto

Likizo ya Juni ikikaribia, wazazi wanaoleta watoto kwenye mazoezi huanza kuulizia mbuga. Wengi huuliza nusunusu, kama watu walioshajibiwa nyumbani: unampeleka wa nini, na mwenyewe haelewi? Mimi huwaambia waende. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyesema hata neno moja anaweza kumfuata twiga kwa macho kwa muda ambao midoli yote ya chumba cha mazoezi haijawahi kuupata. Na ndugu zake, ambao mara nyingi hukosa matembezi kwa sababu hakuna wa kubaki naye, nao wanahitaji kutoka.

Safari hizi zikiharibika, chanzo mara nyingi ni ratiba. Familia inaipanga siku kwa hesabu ya wanyama: tembo, simba, ikibidi na chui. Ilitakiwa ianze na hesabu ya mtoto. Anakaa muda gani kabla ya kuanza kukakamaa? Dawa ni saa ngapi? Joto na kelele anavumilia kiasi gani? Kama kwenye kiti chake cha nyumbani anamaliza saa nzima bila kulalamika, kwenye gari linaloruka mashimo usimtarajie afike hapo. Panga mizunguko mifupi, na katikati apate kunyooshwa.

Kwa familia za Dar es Salaam, Pwani na Morogoro, ndiyo maana nashauri waanze na Mikumi. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata kwa takriban kilomita 50. Lango liko pembeni tu ya lami. Ukishaingia, uwanda wa Mkata uko wazi mbele yako, na pundamilia, nyumbu, swala pala na twiga huonekana mapema, hivyo mtoto hachoki kabla hajaona kitu. Bwawa la viboko nalo haliko mbali na lango. Kuna hifadhi zetu nzuri kuliko Mikumi, sibishi, lakini saa tano za vumbi kabla ya kumwona mnyama wa kwanza si mwanzo wa mtoto huyu. Na ambaye bado mfuko haujakaa sawa, ajue kwamba basi la Iringa au Mbeya likipita pale mchana abiria huwaona wanyama kutoka dirishani bila kiingilio. Nimewahi kumshauri mama mmoja aliyekuwa anakwenda msibani Iringa aitumie safari hiyohiyo kama jaribio.

Kutoka Dar ni karibu kilomita 300. Kwa gari, ukijumlisha na foleni ya kutoka mjini, mtoto atakuwa amekaa saa tano au zaidi kabla ya mbuga yenyewe. Tangu treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, ianze kufika Morogoro mwaka 2024, familia nyingi zinagawa safari: treni hadi Morogoro, kulala hapo au Mikumi mjini, kisha mbugani asubuhi. Ule mtindo wa kuondoka Dar saa nane usiku ili saa kumi na mbili asubuhi muwe getini waachieni vijana. Kukosa usingizi ni moja ya vitu vinavyoamsha kifafa, na mtoto mwenye usonji ambaye hajalala hana akiba ya uvumilivu hata kidogo.

Sasa kiti, maana hapa ndipo kazi yangu ilipo. Mtoto asiwekwe siti ya nyuma kabisa. Siti iliyo juu ya ekseli ya nyuma ndiyo inayorusha zaidi, na ambaye shingo haijakaza akirushwa mara mbili tatu mwili mzima unakakamaa, miguu inapishana kama mkasi, anaanza kulia, na wenzake wanasema anaogopa wanyama. Mkalishe katikati ya gari. Hakikisha makalio yamefika nyuma kabisa ya kiti. Kosa la kumweka nusu kiti ndilo linalomfanya ateleze kila baada ya dakika chache. Kunja taulo mbili kama mkeka unavyokunjwa, moja kila upande wa kiuno, na nyingine ndogo weka chini ya mapaja karibu na magoti ili yapande kidogo. Mkanda wa gari ufungwe kwanza. Baada ya hapo unaweza kupitisha kanga iliyokunjwa kwa upana kifuani, chini ya kwapa, na kuifunga nyuma ya egemeo. Kanga humsaidia kukaa wima tu, haichukui kazi ya mkanda, na isipande kuelekea shingoni. Ukitumia gari la watalii, ngazi yake ni ndefu, kwa hiyo wawepo watu wazima wawili wa kumpandisha, na mnyanyuaji apinde magoti, asipinde mgongo. Kiti mwendo kichukueni kwa ajili ya malazi. Kwenye vumbi la eneo la mapumziko magurudumu membamba ya mbele huzama, na mkeka unafaa zaidi.

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi (spina bifida) ambaye hahisi makalio yake hatakwambia kiti kinamchubua au kina moto. Mnyanyueni kidogo kila baada ya nusu saa, na ratiba ya kumtoa mkojo kwa mpira isiahirishwe kwa sababu kuna simba mbele. Kuhusu vyoo, ulizeni getini kabla ya kuingia, na mahali pa kumbadilishia mtoto mkubwa pampasi mpapange mapema. Mara nyingi huwa ni siti ya gari, na khanga mbili zikining'inizwa madirishani. Pampasi iliyotumika hurudi nayo kwenye mfuko wa taka.

Chakula ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko wanyama. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayepaliwa nyumbani atapaliwa zaidi garini. Usimlishe wala kumnywesha gari likitembea. Simamisheni, mkae sehemu inayoruhusiwa, akae wima, kidevu kikiinama kidogo, alishwe kitu kizito alichokizoea: uji mzito, ndizi ya kuponda, viazi. Akimaliza, abaki wima kama nusu saa kabla ya kuendelea. Na msifungue vyombo pale ambapo nyani wamejikusanya. Nyani anajua kabisa kwamba mtoto mwenye andazi mkononi hana nguvu za kumzuia.

Kwa mtoto mwenye usonji, maandalizi yanaanza wiki moja au mbili kabla. Mwonyeshe kwenye simu picha ya gari lenyewe, geti, kiboko, mahali mtakapolala. Mchezeshee sauti ya kiboko, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, maana mngurumo ule humshtua hata mtu mzima. Siku ya safari shika picha nne kwa mpangilio: gari, wanyama, chakula, kulala. Kila hatua ikiisha, igeuze. Mwombeni dereva apunguze redio ya mawasiliano. Ile mikwaruzo yake humuumiza mtoto wa namna hii kuliko tunavyodhani. Kama huwa anakimbia ghafla, washeni loki ya watoto kwenye milango ya nyuma kabla ya kufika getini, na mkishuka, mtu mmoja asiwe na kazi nyingine yoyote isipokuwa kumshika mkono. Asiwe mpiga picha.

Dereva aambiwe ukweli mapema. Wazazi wengi huficha, kwa aibu au kwa kuhofia kukataliwa, halafu mtoto anapiga yowe gari likiwa mita 15 kutoka kwa tembo mwenye ndama. Mwambieni: mwanangu hupiga kelele akifurahi, na hatuwezi kumzuia. Dereva mzuri atasimama mbali zaidi, hatazima injini, na atageuza gari tayari kwa kuondoka. Tembo akikugeukia uso, akatanua masikio na kutikisa kichwa, huo ni wakati wa kurudi nyuma taratibu bila honi wala mbio. Kumziba mtoto mdomo hakusaidii, kunaongeza yowe. Na msikubali dereva awaburuze saa nzima kumfuata simba aliyesikika redioni. Hilo ni tamaa ya dereva zaidi ya tamaa ya mtoto.

Shule zenye vitengo vya elimu maalumu nazipa neno moja: waacheni watoto wavae nguo za nyumbani. Mbung'o wa Mikumi huvutwa na rangi nyeusi na bluu iliyokolea, yaani sweta za shule hasa. Anauma hata juu ya nguo, na mtoto asiyeweza kusema wala kujikuna ataishia kulia tu. Kaki na rangi za udongo ni salama zaidi.

Mwenye ualbino apakwe mafuta ya kukinga jua kabla ya kuondoka na tena njiani. Kilisun yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi yanatosha vizuri, pamoja na kofia pana na mikono mirefu, hasa paa la gari likifunguliwa. Macho yake nayo hayafiki mbali. Wenzake wanaposhangilia mnyama aliye mita 100, yeye anaona ukungu. Darubini ndogo, au kamera ya simu iliyovutwa karibu, ndiyo inayomwingiza kwenye safari. Mtoto kiziwi akae anapouona uso wa anayeeleza, na maelezo yatolewe gari likiwa limesimama. Asiyeona ulizieni kama getini kuna mafuvu na pembe zinazoruhusiwa kushikwa, kisha mpelekeni bwawani, kwa sababu viboko husikika na hunukia vya kutosha.

Kuhusu kifafa. Dozi ya asubuhi isirukwe kwa sababu ya kuwahi, na dawa ikae kwenye mkoba wa mkononi, isikae kwenye buti. Juni hadi Agosti hali ya hewa ni ya ubaridi kidogo na barabara za ndani zimekauka, kwa hiyo huo ndio msimu unaofaa. Akianguka garini, mlaze ubavu kwenye siti, mlegeze kola, na muangalie saa degedege lilipoanza. Msimwekee kijiko mdomoni, msimnusishe kiberiti, wala asiwepo wa kukimbia mapovu, kwani hayaambukizi. Degedege likizidi dakika 5, au akianguka tena bila kuzinduka, muda wa kusubiri umekwisha: Hospitali ya Mtakatifu Kizito iko Mikumi mjini, na dereva aijue njia yake tangu asubuhi.

Jioni, kabla ya kulala, mvueni nguo na kumkagua makalio, visigino na mgongo. Wekundu usiofifia baada ya nusu saa ni dalili ya kidonda kinachoanza, na kesho asikalie sehemu hiyo. Mkija kliniki, leteni picha ya pembeni inayoonyesha alivyokaa garini, na mtuambie alianza kulalamika baada ya dakika ngapi. Kwa hiyo picha tunaweza kurekebisha hata kiti chake cha nyumbani.