Anza na Siku Aliyonunua

Ukimuuliza mwenye biashara ndogo wateja wake ni akina nani, mara nyingi atakujibu moja kati ya mawili. La kwanza ni "kila mtu". La pili, lenye sura ya kitaalamu zaidi, ni "wanawake wa miaka 25 hadi 45 wenye kipato cha kati". Udhaifu wa jibu la kwanza wengi wameshausikia. Mimi nataka kulizungumzia la pili, kwa sababu ndilo linalomaliza fedha za matangazo huku mwenyewe akiamini amewachunguza wateja wake.

Chukua seremala anayeuza vitanda, meza na makabati. Mwanamke mmoja wa miaka 33 amehamia nyumba mpya juzi na godoro lake bado liko sakafuni. Mwingine, mwenye umri uleule na kipato kilekile, nyumba yake imetimia na hana mpango wa kununua samani yoyote kwa miaka kadhaa. Halafu kuna mzee wa miaka 68 ambaye wajukuu wanakuja kuishi kwake mwezi ujao. Seremala anayewalenga watu kwa umri na jinsia atalipia tangazo liwafikie wale wanawake wawili, na mzee hataliona. Anayetazama kilichowatokea watu ataona kwamba mwanamke wa kwanza na mzee ni kundi moja: nyumba zao zimebadilika, na kuna mtu hana pa kulala. Mwanamke wa pili si mteja wa leo, hata awe anafanana vipi na wa kwanza.

Hoja hii wataalamu wa masoko wanayo tangu zamani. Mwaka 1956 Wendell Smith aliandika katika jarida la Journal of Marketing kwamba soko linaloonekana moja lina masoko madogo mengi ndani yake, kila moja na mahitaji yake. Mwaka 1964 Daniel Yankelovich, akiandika katika jarida la Harvard Business Review, akasema wazi kwamba umri, jinsia, elimu na kipato havitoshi kuyagawa masoko hayo. Tazama pia watu wanathamini nini, wanakitumia vipi kitu na wanatafuta nini ndani yake. Bado mitandao ya kijamii, unapolipia tangazo, inakuuliza mapema umri na jinsia ya unaowataka. Inafanya hivyo kwa sababu hayo ni rahisi kuhesabika. Mtu akijaza nafasi hizo huamini amewajua walengwa wake, kumbe amejaza fomu tu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuanza na ununuzi wenyewe. Tafuta watu waliokwisha kulipa, ikiwezekana waliolipa karibuni, wakati kumbukumbu bado haijafifia. Zungumza nao mmoja mmoja, kwa sauti kuliko kwa meseji, na uwaulize yaliyopita. Swali la "ungependa tukuletee nini?" halina faida kubwa, na "ungenunua kama tungekuwa na hiki?" ni baya zaidi. Watu wana adabu. Hakuna anayependa kumvunja moyo mtu aliyejituma kumuuliza, na kusema "ndiyo" juu ya kesho hakumgharimu chochote. Jambo alilolifanya kweli, kwa fedha zake, lina uzito mwingine.

Mimi huuliza hivi: kabla hujatutafuta, shida yako ulikuwa unaitatua vipi? Siku gani uliona huwezi kuendelea hivyo, na kulitokea nini? Ulimuuliza nani kwanza? Wapi kwingine ulikaribia kununua? Kabla ya kutoa fedha, ulikuwa na wasiwasi gani? Halafu nanyamaza. Ukimya baada ya swali una kazi kubwa, kwa sababu jibu la kwanza la mteja huwa ni la heshima ("bei yenu nzuri, mnafanya kazi vizuri") na la pili ndilo lenye habari.

Kila swali hapo linazaa uamuzi. Siku aliyochoka inakwambia wakati wa kutangaza na watu wa kushirikiana nao: wateja wa seremala wakisema walinunua walipohama, basi madalali wa nyumba na wenye magari ya kuhamisha mizigo wanafahamiana na wateja wake kabla yake. Alivyokuwa akiitatua shida yake mwanzo kunakwambia mshindani wako halisi, na mara nyingi si biashara jirani. Ni kuazima, kukarabati cha zamani, au kuvumilia. Anayeshindana na uvumilivu hawezi kushinda kwa kupunguza bei. Anatakiwa aonyeshe hasara ya kuendelea kuvumilia. Nao ule wasiwasi wa mwisho ndio unaotakiwa kujibiwa katika mstari wa kwanza wa tangazo. Kama wateja wengi waliogopa kulipa malipo ya awali kisha kazi ichelewe, picha kumi za makabati mazuri hazitawatuliza. Ahadi ya tarehe ya kukabidhi, na nini kitafanyika isipotimia, itawatuliza.

Andika maneno yao kama walivyoyatamka. Fundi husema "kabati la mbao ngumu lenye umaliziaji bora"; mteja husema "kabati ambalo mlango hauning'inii". La pili ndilo la kuweka kwenye tangazo, maana mwenye shida ileile akilisoma atajitambua. Huhitaji kuhoji umati. Watu wanane au kumi wakikusimulia vizuri, utaanza kusikia visa vinavyojirudia, na hapo una cha kufanyia kazi.

Kuna mtego katika kuchagua wa kuwauliza. Mwaka 1936 jarida la Marekani, The Literary Digest, lilituma kadi za maoni zaidi ya milioni 10 kuuliza nani atashinda urais, likarudishiwa zaidi ya milioni 2. Likatabiri kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, ambao wakati huo walikuwa zaidi watu wenye uwezo, na hata kati ya hao, waliojisumbua kujibu hawakufanana na walionyamaza. Mtafiti wa maoni ya umma George Gallup, aliyeuliza watu wachache zaidi lakini kwa kuwachagua kwa uangalifu, alimtaja mshindi sawasawa. Mwenye biashara anayeweka kura kwenye ukurasa wake wa mtandaoni anafanya lilelile la Literary Digest kwa udogo. Wanaopenda picha zako na kujibu kura zako wanaweza kuwa mafundi wenzako, ndugu, na watu wanaofurahia kutazama tu. Mnunuzi wako mkubwa huenda hajawahi kubonyeza chochote.

Daftari la mauzo ndilo linalorekebisha picha hiyo. Kwa kila mteja, angalia alinunua lini mara ya mwisho, amenunua mara ngapi, na kwa jumla ametoa kiasi gani. Mambo hayo matatu yanatosha. Utagundua wachache wanaoleta sehemu kubwa ya mapato, na hao wapigie simu kwanza. Lakini usiishie kwao. Mtafiti wa masoko Andrew Ehrenberg alitumia miaka mingi kuchunguza takwimu za ununuzi wa bidhaa za kila siku, na jambo lililojitokeza tena na tena ni kwamba wanunuzi walio wengi wa chapa yoyote hununua mara chache sana. Biashara inayowasikiliza wateja wake watano wa kudumu tu hugeuka klabu yao: inaongeza vitu wanavyovipenda wao, inazungumza lugha yao ya ndani, na mgeni akifika haelewi aanzie wapi. Wahoji pia walionunua mara moja wakapotea, na walioulizia bei wakanyamaza. Hawa wa mwisho ni wagumu kuwapata, lakini mmoja akikubali kusema ukweli, mshukuru sana.

Jambo jingine linalosahaulika: mlipaji na mtumiaji mara nyingi ni watu wawili. Mwaka 1972 wasomi wa masoko Frederick Webster na Yoram Wind, wakieleza jinsi taasisi zinavyonunua, walitenganisha anayetumia, anayeshawishi, anayenunua, anayeamua, na anayedhibiti taarifa zinazowafikia wengine. Familia nazo zina watu hao hao. Kitanda cha mtoto kinatumiwa na mmoja, kinachaguliwa na mwingine, kinalipiwa na wa tatu, na bibi ana neno la mwisho. Tangazo linalomvutia mtoto halimpi mlipaji sababu. Ukimhoji mteja, mwulize nani mwingine alihusika, na nani angeweza kukataa. Ukimpata huyo wa kukataa, umempata mtu ambaye ujumbe wako haukuwa ukimfikia.

Wengi husita kuchagua walengwa kwa hofu ya kuwafukuza wengine. Nawaelewa, biashara ikiwa changa kila mteja ni riziki. Lakini kuchagua walengwa ni kuamua tu fedha na jitihada zako za kutangaza ziende wapi. Mwingine akija na fedha zake, mhudumie kama kawaida, na umuulize yeye pia ilikuwaje akafika.

Ukishakusanya simulizi hizo, ziandike kwa sentensi moja: tukio gani humleta mtu, alikuwa anaitatua vipi shida yake, anaogopa nini. Kwa seremala wetu inaweza kuwa: "Watu walioongezewa mtu nyumbani, wanaolalia magodoro ya chini kwa muda, wanaohofia kulipa kisha kazi ichelewe." Andaa tangazo moja kwa sentensi hiyo na jingine kama ulivyozoea, yape fedha sawa na muda sawa, kisha hesabu walioagiza. Idadi ya waliopenda iache. Kama la sentensi halikuleta maagizo zaidi, rudi kwa wateja na uwaulize tena kuhusu tukio, maana hapo ndipo makisio huingia bila kuonekana. Likileta, usiliguse kwa muda, ila kila mteja mpya endelea kumuuliza lile swali la siku aliyoamua. Siku majibu yatakapoanza kutofautiana na sentensi yako, iandike upya.