Kufuata mpaka wa Zambia kwa farasi: yanayosemwa Lubumbashi na yaliyo kweli

Mimi na yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, tunapanga kutoka Kipushi hadi Kasumbalesa, miji miwili ya Kongo iliyo mpakani, kwa farasi, bila kuvuka mpaka. Kila tunayemweleza ana la kutushauri, na mengi si kweli.

La hatari kuliko yote ni hili: "Mpaka ni mto, maji hamtakosa." Luapula ni mto wa mpaka, lakini uko mbali, kule mashariki. Huku kwetu mpaka unapita juu ya mgongo wa nchi, pale maji yanapogawanyika: ya upande huu yanateremkia mto Kongo, ya upande wa pili Zambezi. Basi tutatembea penye vyanzo vya vijito, na vingi ikifika Septemba hubaki tope lililopasuka. Farasi mmoja hunywa lita 30 hadi 50 kwa siku. Juzi yaya alipanga bidoni za manjano za lita 20 sakafuni: nne kwa farasi wawili, na sisi bado hatujanywa tone. Farasi wa kilo 450 hafai kubebeshwa zaidi ya kilo 90, mpandaji na tandiko vikiwamo, kwa hiyo maji hayo hayabebeki. Inabidi kila jioni tufikie mahali penye kisima au dambo, yaani bonde la majani linaloshika maji.

"Siku mbili tu mmefika." Farasi akitembea huenda kama kilomita 6 kwa saa, na kilomita 25 hadi 30 kwa siku zinamtosha. Kipushi na Kasumbalesa zimeachana kama kilomita 80 kwa mstari ulionyooka, na njia ya porini hainyooki. Tumejipa siku tano.

"Nendeni wakati wa mvua, majani ni mabichi." Majani kweli, lakini wakati huo ndio vijidudu vidogo kuliko mbu vinapozaana, vinavyouma usiku na kueneza homa ya farasi ya Afrika. Asiyechanjwa akiipata, mara nyingi hufa. Tumechagua Juni: baridi imepunguza vijidudu, na madambo bado yana maji. Chanjo itatangulia wiki kadhaa kabla ya safari.

"Hamvuki, karatasi za nini?" Nguzo za mpaka huo zilianza kusimikwa na tume ya Waingereza na Wabelgiji mwaka 1911 hadi 1914, na kati ya nguzo na nguzo ni pori tupu. Farasi akifuata majani, mko Zambia bila kujua, naye bila cheti cha daktari wa mifugo. Tutabeba pasipoti, na kila kijiji tutaanza kwa chefu, mkuu wa kijiji.

Wengine husema tukigombana njiani, kila mtu ashike njia yake. Farasi ni mnyama wa kundi. Wiki iliyopita nilimpeleka wangu kunywa nyuma ya mwembe, hatua hamsini tu. Wa yaya akalia, akavuta kamba hadi ikakatika, akaja mbio jasho likimtiririka shingoni. Sasa tunawanywesha pamoja, hata kama mmoja hana kiu.