Hedhi imekatika na bado unakimbia? Maswali na majibu

Je, kila mchezo wa masafa marefu huunda mwili wake?

Ndiyo, kwa kiasi. Mkimbiaji wa marathoni, kilomita 42.195, hubeba uzito wake kila hatua, hivyo huwa mwembamba. Mwogeleaji hupanuka mabega. Mwendesha baiskeli hujaa mapaja. Lakini mengi ni ya kuzaliwa: mwembamba huvutwa na mbio kwa kuwa zinamfaa. Kujinyima chakula hakutakupa umbo la mwingine.

Sijaona hedhi miezi minne. Wenzangu kambini wanasema mazoezi yamekolea. Ni kweli?

Si kweli. Narudia: si kweli! Pima mimba kwanza. Kama huna, huenda chakula unachokula hakitoshi kwa mazoezi unayofanya, na mwili umeanza kubana matumizi. Uzazi husimamishwa mapema. Estrojeni, homoni ya kike, ikishuka, mifupa hukosa kinga yake, tena katika umri ule ule unaopaswa kuiwekea akiba ya maisha. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliwaonya wanamichezo kuhusu upungufu huu wa nishati, wake kwa waume.

Nina mbio mwezi ujao. Siwezi kuja kliniki kwako baadaye?

Hapana. Miezi mitatu bila hedhi, njoo. Umefika miaka 15 hujavunja ungo, njoo.

Huku Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, nilimpokea msichana wa miaka 19 akichechemea. Nilibonyeza muundi wake kwa kidole kimoja, mahali padogo kama sarafu, akauvuta mguu machozi yakimlenga. Wiki sita alikuwa amekimbia na ufa kwenye mfupa, akijichua na kumeza dawa za maumivu kila alfajiri. Hedhi? Mwaka mzima hakuiona, na hakuna aliyemuuliza.

Nitajuaje kama ni ufa au ni uchovu tu?

Uchovu wa misuli huenea, na hupungua mwili ukipata joto. Ufa huuma mahali pamoja, huzidi ukikimbia, mwishowe huuma hata usiku. Kinena kikiuma unapokanyaga, acha kukimbia siku hiyo hiyo, maana shingo ya mfupa wa paja ikivunjika utaishia kwenye upasuaji. Eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe kitu. Hiyo si ruhusa ya kurudi barabarani.

Nikimeza vidonge vya kupanga uzazi, si hedhi itarudi?

Damu itatoka, lakini hiyo si hedhi yako, na mifupa itabaki vile vile. Kidonge kitaficha tatizo tu.

Nikila vizuri nitanenepa, na kocha atanisema.

Makocha wanaopima wasichana kwenye mizani mbele ya wenzao, tafadhali acheni. Mizani haipimi kasi: mkimbiaji wa Kenya Brigid Kosgei alikuwa mama wa mapacha alipokimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:14:04 mwaka 2019. Ukitoka mazoezini, usikae hadi mchana na chai ya rangi tupu. Kunywa chai ya maziwa, kula mayai na viazi. Jioni kula ugali, maharagwe, mboga na mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Usilale bila kula, hata kama mwenzako wa chumbani analala hivyo.

Kocha hajanipa ruhusa ya kuja kliniki.

Njoo bila ruhusa yake.