Je, wajua kwa nini Denmark ilihamisha mnara wa taa mzimamzima?

Tarehe 22 Oktoba 2019, watu walijazana kwenye pwani ya kaskazini-magharibi ya Denmark kutazama jengo likitembea. Lilikuwa mnara wa taa wa Rubjerg Knude, wenye kimo cha mita 23 na uzito wa tani 720 hivi. Mafundi walipitisha mihimili ya chuma chini yake, wakauweka juu ya magurudumu na reli, kisha wakausogeza polepole mita 70 kuelekea bara. Siku hiyohiyo kazi ikaisha.

Sababu ya karibu ni rahisi: ulikuwa umebakiza mita sita hivi kabla ya kutumbukia. Taa yake ilipowashwa mara ya kwanza, Desemba 1900, bahari ilikuwa mbali kama mita 200. Genge ulilosimama juu yake, lenye kimo cha mita 60 hivi, si mwamba. Ni mchanga na udongo wa mfinyanzi uliosukumwa hapo na barafu kubwa za kale. Mawimbi ya Bahari ya Kaskazini yanachimba chini, mvua inalainisha udongo juu, na kila mwaka, kwa wastani, mita moja na nusu hadi mbili za ardhi huporomoka.

Cha ajabu ni kwamba bahari siyo iliyoizima taa ile. Upepo mkali wa magharibi huuparura mchanga kwenye uso wa genge na kuupandisha juu. Ukarundikana mbele ya mnara mpaka likawa tuta refu kiasi kwamba mabaharia hawakuiona taa vizuri. Watunzaji walipanda majani ya kuzuia mchanga, wakachimba na kuzoa. Kesho yake upepo ulirudisha. Mwaka 1968 taa ikazimwa. Baadaye pakawa na makumbusho na mgahawa, navyo vikafungwa mwaka 2002, na nyumba zilizouzunguka mnara zikalemewa na mchanga mpaka kuta zikabomoka. Kisha tuta lenyewe likaendelea na safari yake kuelekea bara, likauacha mnara uchi ukingoni.

Kijiji cha jirani hakikuwa na magurudumu ya kuokolea kanisa lake. Kanisa la Mårup, la karne ya 13, lilianza kubomolewa mwaka 2008, jiwe kwa jiwe, kabla bahari haijalifikia. Na ukienda kusini kidogo, ufukwe wa Løkken, utakuta mahandaki ya zege ya Wajerumani wa Vita Kuu ya Pili yamelala mchangani. Yalijengwa juu ya matuta. Ardhi ndiyo iliyoondoka chini yake.

Sasa, mchanga wote huo unaenda wapi? Sehemu kubwa hubebwa na mkondo wa bahari kuelekea kaskazini mpaka Skagen, ncha ya juu kabisa ya Denmark. Huko nchi inakua: rasi ya Grenen inazidi kurefuka baharini. Kinacholiwa Rubjerg kinatemwa Skagen. Nikiulizwa, hii ndiyo sababu ya kuzitembelea sehemu hizi mbili katika safari moja. Ukiona moja tu, umeona nusu ya habari.

Njiani usipite Råbjerg Mile bila kusimama. Ni tuta la mchanga lenye kimo cha kama mita 40, linalohama kuelekea kaskazini-mashariki kiasi cha mita 15 kwa mwaka. Matuta mengine yalishikwa kwa kupandwa majani na misonobari, lakini hili serikali imeliacha makusudi, watu waone mchanga ulivyowatesa babu zao. Karibu na Skagen kuna ushahidi mwingine: mnara mweupe wa kanisa lililofukiwa na mchanga, uliosimama peke yake kati ya vichaka. Waumini walilazimika kuchimba ili waingie kusali, hadi kanisa likafungwa mwaka 1795. Jengo likabomolewa, mnara ukaachwa uwe alama ya mabaharia.

Grenen kwenyewe unafika kwa miguu au kwa basi linalovutwa na trekta. Kushoto una bahari ya Skagerrak, kulia bahari ya Kattegat. Mawimbi yanakuja kutoka pande mbili, yanagongana mbele ya vidole vyako na kurusha maji juu, na watalii hupanga foleni wapigwe picha mguu mmoja huku, mwingine kule. Ishia hapo hapo kwenye vifundo. Kuogelea kumepigwa marufuku, maana mikondo ya hapo ina nguvu za kumkokota hata mtu hodari. Anayetaka kuoga aende Sønderstrand, upande wa Kattegat, ambako maji yametulia zaidi, ingawa kwa mtu wa Tanga au Mombasa ni ya baridi hata mwezi Julai. Koti la upepo chukua, hata jua likiwaka.

Kuhusu mnara, wahandisi walikadiria kwamba zile mita 70 zimeununulia miaka 40 hivi.