Je, wajua kwa nini galoni ya Uingereza ni kubwa kuliko ya Marekani?

Galoni ya Uingereza ina lita 4.546. Ya Marekani ina lita 3.785. Maelezo yanayosikika sana ni kwamba Wamarekani, baada ya kujitawala, waliipunguza galoni waliyorithi kwa wakoloni wao. Ukweli ni kinyume chake: Wamarekani hawakugusa kitu. Waliobadilisha ni Waingereza wenyewe.

Uingereza ya zamani haikuwa na galoni moja. Kulikuwa na galoni ya mvinyo, galoni ya bia na galoni ya nafaka, na kila moja ilikuwa na ukubwa wake. Ya bia ilikuwa inchi za ujazo 282, ya mvinyo 231. Hii ya mvinyo iliwekwa na sheria ya Malkia Anne iliyoanza kutumika mwaka 1707, na namna ilivyoelezwa inapendeza mno: chombo cha mviringo chenye kitako bapa, upana inchi 7, kina inchi 6. Ukipiga hesabu ya ujazo wake kwa kutumia pai ya 22/7, ile ile tunayofundishwa shuleni, unapata 231 kamili, bila hata sehemu ya desimali. Fundi yeyote mwenye rula angeweza kutengeneza galoni halali.

Makoloni ya Amerika yalikuwa yakiitumia galoni hiyo, na yalipojitenga yaliendelea nayo. Mwaka 1832 Wizara ya Fedha ya Marekani ilipotaka vipimo vinavyolingana katika bandari zake zote, ilichagua inchi 231. Mpaka leo petroli ya Marekani inauzwa kwa kipimo cha mvinyo cha Malkia Anne.

Waingereza nao walikuwa wameshaiacha. Sheria yao ya mwaka 1824 ilifuta galoni zote tatu na kuleta moja mpya, galoni ya kifalme. Safari hii hawakuanza na rula, walianza na mizani: galoni ni nafasi inayochukuliwa na ratili (paundi za uzito) 10 za maji safi, yakipimwa kwenye joto la nyuzi 62 za Fahrenheit, yaani karibu 17 za Selsiasi. Ujazo wake ukaja kuwa inchi 277 na kitu, karibu na ile ya bia.

Hapo ndipo panapozaliwa jambo linalowachanganya hata wanaozijua galoni zote mbili. Ungetarajia kwamba kama galoni ya Uingereza ni kubwa, basi kila kilichomo ndani yake ni kikubwa pia. Painti inafuata kanuni hiyo: mililita 568 Uingereza, 473 Marekani. Lakini wakia ya ujazo (aunsi) inakwenda upande mwingine: ya Uingereza ni mililita 28.4, ya Marekani 29.6.

Sababu ni mgawanyo. Ratili moja ina wakia 16 za uzito, kwa hiyo ratili 10 za maji zina wakia 160, na Waingereza wakaigawa galoni yao mpya mara 160. Painti, ambayo ni sehemu moja ya nane ya galoni, ikawa na wakia 20. Wamarekani walibaki na painti ya wakia 16. Fikiria mikate miwili ya sinia: mkubwa umekatwa vipande 20, mdogo vipande 16. Mkate mkubwa unauzidi mdogo kwa sehemu moja ya tano tu, ilhali vipande vyake vimezidi kwa sehemu moja ya nne. Vipande vimeongezeka kuliko ulivyoongezeka mkate wenyewe, basi kila kipande cha mkate mkubwa hakina budi kuwa chembamba zaidi.

Kwa hiyo hakuna namba moja ya kuvukia kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Galoni au painti ya Uingereza unaizidisha kwa 1.2 kupata za Marekani. Wakia unaizidisha kwa 0.96. Kwenye mapishi ya kijiko kimoja kosa halionekani. Kwenye mafuta linaonekana: gari linalosifiwa Uingereza kwa kwenda maili 30 kwa galoni, Marekani litaandikwa maili 25, na ni gari lile lile.

Kwetu jambo hili linagusa kumbukumbu za zamani. Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya Waingereza zilitumia galoni ya kifalme, na debe lilihesabiwa kuwa galoni 4, yaani lita 18 na kidogo. Anayesoma hati za enzi hizo kisha akageuza galoni kwa kikokotoo kilichowekwa kipimo cha Marekani atapata lita 15. Lita 3 zinapotea kwa kila debe, na katika hati ya madebe 1,000 hizo ni lita 3,000.