Arusha ya mkoloni: nani alihudumiwa, na nani alilipa

Natembeza watu Arusha mjini: wanafunzi, walimu, familia zilizokuja likizo kutoka Dar es Salaam na Mwanza. Karibu kila kundi lina mtu atakayesimama mbele ya Boma, ngome ya zamani ya Mjerumani, ashike kiuno, aseme: "Ila jamani, enzi za mkoloni mambo yalikuwa yamenyooka. Mji msafi, hospitali bure, shule nzuri, kila mtu anahudumiwa." Juzi aliyesema hivyo ni mwalimu wa historia, mbele ya wanafunzi wake. Nimechoka kulijibu hili tukiwa juani, kwa hiyo nalijibu hapa.

Tuanze na hao "kila mtu." Chini ya Mwingereza mji uligawanywa kwa rangi. Uzunguni kunaitwa Uzunguni mpaka leo. Wahindi walikaa kwenye mitaa ya maduka, Waafrika wakapangiwa Kaloleni na mitaa mingine ya upande ule. Shule zilikuwa za aina tatu, ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, kila moja na fungu lake. Arusha School ilianza ikiwa shule ya watoto wa Kizungu, na mtoto wa Kiarusha au wa Kimeru hakuwa na nafasi pale hata kama baba yake alifanya kazi ng'ambo ya ukuta. Utaratibu huo uliondolewa baada ya Uhuru.

Ukitaka ushahidi, acha kutazama nyumba kwa mbele. Huu ndio ushauri ninaompa kila mgeni, na wengi huupuuza kwa sababu wanataka picha: zunguka nyuma. Nyuma ya nyumba za Uzunguni zilizosalia utakuta boi kota, yaani makazi ya mtumishi. Chumba kimoja, kidirisha kidogo cha juu, mlango umegeuziwa uzio ili mwenye nyumba asiuone akiwa barazani. Humo alilala mpishi au mtunza bustani, na mara nyingi mke na watoto walibaki kijijini. Nyuma ya maduka ya zamani kuna vichochoro vyembamba. Vilikuwa njia ya topasi, aliyepita kubeba ndoo za choo wakati wengine wamelala. Usafi mnaousifu ulibebwa na mtu huyo, na nyumbani kwake hakuna aliyepita kumbebea ndoo.

Sasa hiyo "bure." Mjerumani alitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, rupia 3 (rupia ndiyo fedha ya wakati wake) kwa mwaka kwa nyumba ya kijijini. Mwingereza akaiendeleza, akaongeza kodi ya kichwa. Aliyekosa fedha aliweza kulipishwa kwa kufanyishwa kazi. Mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, ikatungwa sheria ya mamlaka za wenyeji, na mamlaka hizo zikawa na hazina zao zilizorudishiwa sehemu ya kodi ile. Humo ndimo walimolipwa makarani wa baraza, na humo ndimo zilimotoka fedha za zahanati na mshahara wa dresa, mfunga vidonda. Kwa hiyo babu yako alipofungwa kidonda bila kutoa senti dirishani, alikuwa amekwisha kukilipia kidonda hicho, pamoja na cha jirani yake. Na fedha ya kodi wengi waliitafuta kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi kwenye shamba la mlowezi. Siku ambayo kadi haikutiwa alama haikuhesabiwa, hata kama ulishinda shambani.

Boma lenyewe, ambalo leo ni makumbusho, lilijengwa mwaka 1900 kwa nguvu za Waarusha na Wameru waliolazimishwa, baada ya Wajerumani kuwapiga vita. Ninaposikia mtu anagonga ukuta ule na kusema "Mjerumani alijua kujenga," huwa namuuliza aliona wapi Mjerumani akibeba mawe.

Kwa nini basi wazee wanakumbuka raha? Mji ulikuwa mdogo, na mji mdogo ni rahisi kufagia. Pia kumbukumbu zimechanganyika. Matibabu ya bure na shule ya msingi isiyo na karo, ambavyo wengi wanampa mkoloni sifa zake, vilikuja baada ya Uhuru. Hata hospitali ya KCMC ya Moshi, ambayo nimeambiwa mara nyingi kwamba iliachwa na Mzungu, ilifunguliwa mwaka 1971.

Mengine ninayoambiwa nayapitia haraka.

"Majengo yote ya zamani ni ya Mjerumani." Mjerumani alikaa Arusha miaka 16 tu, mpaka 1916 alipofukuzwa na majeshi ya Mwingereza. Maduka mengi ya zamani yalijengwa baadaye na wafanyabiashara wa Kihindi. Inua macho juu ya mlango, baadhi yana mwaka ulioandikwa kwa saruji.

"Reli ya Arusha ni ya Mjerumani." Yake ilitoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, ikaishia hapo. Moshi hadi Arusha ni kazi ya enzi za Mwingereza, 1929.

"Mnara wa saa ni katikati kamili ya Cairo na Cape Town." Inategemea unafuata barabara ipi. Ukipiga mstari ulionyooka, katikati inaangukia Kongo.

"Watu walikubali tu, hawakulalamika." Hili linaniudhi. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Wameru wakachangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa kuwashtaki Waingereza. Mwanafunzi wa Arusha asiyejua jina hilo amenyimwa haki yake.

"Mjerumani alificha hazina chini ya nyumba, na rupia zake zina zebaki." Rupia ya kawaida ni sarafu ya madini ya fedha isiyofika gramu 12, na ndani yake hamna zebaki. Iliyo adimu kweli ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916. Wanaochimba chini ya misingi usiku wanaondoka na ufa ukutani. Ukiikuta rupia kwenye sanduku la bibi, usiisugue kwa majivu, maana unaifuta alama zake na kuipunguzia thamani. Na usimkabidhi mtu aliyekupigia simu akisema ana mnunuzi wa mamilioni, ila kwanza utume nauli.